KUELEWANA NI NUSU YA TIBA



Ndugu wasomaji wapendwa, mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumzia magonjwa: malaria, kuhara, kifua, presha. Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo halina chanjo wala kidonge, lakini lisipokuwepo hata dawa nzuri haifanyi kazi yake. Jambo hilo ni kuelewana. Mgonjwa ajieleze aeleweke, mhudumu aeleze aeleweke, na watu wa nyumbani waelezane vizuri juu ya mgonjwa wao.

Tuanze na kisa ambacho sisi wauguzi hatujakisahau.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja alimleta mtoto wake wa mwaka mmoja akiwa na homa na kifua. Mtoto alipimwa, akaandikiwa dawa ya maji ya kupewa mara tatu kwa siku. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Tulimpa mama chupa, tukamwambia, "Mpe kijiko kimoja kila saa nane." Juu ya chupa tuliandika hivyo hivyo. Mama akasema, "Nimeelewa, sista," akashukuru, akaenda zake.

Siku ya tano alirudi mbio. Mtoto alikuwa anahema haraka, kifua kinabonyea ndani kila anapovuta pumzi. Tulimwekea oksijeni na kumchoma sindano. Tukamwuliza mama kwa sauti ya ukali, "Dawa ulimpa kweli?" Akajibu, "Nimempa, sista. Kila saa nane, sijakosa hata siku moja."

Hapo ndipo tulipoelewa. Kila siku, ilipofika saa nane mchana, mama yule aliacha kazi zake akampa mtoto kijiko kimoja. Katika siku nne, badala ya mara 12, mtoto alikuwa amepewa mara 4. Mama hakuwa mzembe. Alitii kabisa maneno aliyoyasikia. Kosa lilikuwa letu. Kwa lugha yetu "saa nane" ni muda wa masaa manane, na pia ni saa nane ya mchana au ya usiku. Sisi tulikusudia la kwanza, yeye akasikia la pili.

Mungu ni mwema, mtoto alipona. Lakini tangu siku hiyo tumejifunza kutomwacha mtu aondoke dirishani kwa neno "nimeelewa" peke yake.

MANENO YANAYOTUPOTEZA

Ukichunguza utaona kwamba watu hawashindwi kuelewana kwa sababu ya maneno magumu ya kidaktari tu. Mara nyingi tunapotezwa na maneno ya kila siku ambayo kila mtu anadhani anayajua.

Kwanza ni saa. Mbali na kisa tulichosimulia, kuna tatizo la saa zilizoandikwa kwa hesabu ya Kizungu. Kadi ikiandikwa 8:00, maana yake ni saa mbili asubuhi. Wapo wanaokuja saa nane mchana, wakiwa wamefunga bila kula tangu jana, na kukuta kipimo kimekwisha fungwa. Ukipewa kadi yenye saa, uliza: "Hii ni saa ngapi ya Kiswahili? Asubuhi au mchana?"

Pili ni neno "ndiyo". Mgonjwa anayengoja upasuaji akiulizwa, "Hujala kitu tangu jana usiku?" hujibu, "Ndiyo." Yeye anamaanisha, ndiyo, sijala. Mwingine anayesikia anaweza kudhani anamaanisha, ndiyo, nimekula. Jambo hili si dogo, kwa maana mtu akipewa dawa ya usingizi huku tumbo limejaa, chakula kinaweza kupanda na kuingia katika mapafu. Kwa hiyo usijibu "ndiyo" au "hapana" tu. Jibu kwa sentensi nzima: "Sijala kitu chochote tangu saa mbili usiku." Nasi wauguzi tuache kuuliza "hujala?" Tuulize, "Mara ya mwisho ulikula saa ngapi?"

Tatu ni neno "homa". Kwa mmoja homa ni joto la mwili. Kwa mwingine ni malaria. Kwa mwingine ni kuumwa kokote. Vivyo hivyo "tumbo": mama akisema tumbo linamsumbua, anaweza kuwa anaharisha, ana maumivu chini ya kitovu, ana mimba, au damu ya mwezi imechelewa. Usiishie kwenye jina. Onyesha kwa mkono mahali panapouma, kisha useme pameanza lini.

Nne ni haya. Kuna dawa zinazowekwa ukeni, na kuna zinazowekwa njia ya haja kubwa. Mhudumu akiona aibu akasema tu, "Hivi utatumia kwa chini, jioni," mama naye akaona aibu kuuliza, vidonge hivyo huishia kumezwa kwa maji. Tumewahi kuona pia dawa ya maji ya kunywa ikimiminwa sikioni, kwa sababu mzazi aliambiwa, "Hii ni ya sikio." Ni kweli ilikuwa ya kutibu sikio, lakini ilikuwa ya kunywa. Ndugu zangu, hospitalini hakuna kiungo kisicho na jina. Ukipewa dawa, uliza bila haya: "Hii inaingia wapi?"

MGONJWA AJIELEZEJE?

Sisi tumelelewa kusalimiana vizuri. Ukimwuliza mtu "Habari za nyumbani?" atakujibu "Nzuri," hata kama amembeba mgongoni mtoto aliyelegea. Kisha ataongeza, "Ila mtoto anaumwa kidogo." Adabu hiyo ni njema, tusiiache. Lakini ukishasalimia, usipunguze ugonjwa kwa maneno. Neno "kidogo" limewachelewesha wengi kwenye foleni.

Kabla ya kutoka nyumbani, panga maneno yako namna hii:

1. Tatizo kubwa lililokuleta ni lipi? Litaje kwanza. Wapo wanaoanza na mafua, na wakiwa mlangoni wanatoka ndipo wanasema, "Halafu sista, kuna uvimbe kwenye titi."

2. Limeanza lini? Kama hukumbuki tarehe, sema: "Tangu Jumapili baada ya Misa" au "tangu tulipomaliza kuvuna."

3. Linaongezeka au linapungua? Linakuja saa ngapi?

4. Umekwisha tumia dawa gani? Taja zote: za dukani, alizokuazima jirani, na za mitishamba. Njoo na pakiti au chupa yake. Hapa tunaomba msamaha, kwa sababu wapo kati yetu waliowagombeza wagonjwa waliotaja dawa za kienyeji, nao wakajifunza kuficha. Lakini kuficha kunaweza kukuua, maana dawa mbili zikikutana mwilini zinaweza kudhuru ini au figo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

5. Je, kuna dawa iliyowahi kukudhuru, kwa mfano kukuvimbisha uso au kukutoa vipele mwili mzima? Je, una mimba au unanyonyesha? Je, una kisukari, presha au pumu? Sema hata kama hukuulizwa.

Kama mgonjwa ni mtoto chini ya miaka mitano, kuna mambo manne ambayo hayangoji foleni wala salamu ndefu: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au hana fahamu. Ukiona hata moja kati ya hayo, sema kwa sauti mlangoni: "Mtoto wangu ameshindwa kunyonya!" Hutakuwa umekosa adabu. Na degedege si jambo la kupeleka kwingine kwanza. Inaweza kuwa malaria kali au ugonjwa wa uti wa mgongo, na kila saa inayopita ina thamani.

MHUDUMU AELEZEJE?

Maneno haya yanatuhusu sisi wenyewe, na tunayaandika mbele yenu ili mtudai.

Katika miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa utaratibu wa kuwatibu watoto wadogo katika zahanati na vituo vya afya. Ndani yake wahudumu hufundishwa kuzungumza na mama kwa hatua nne: kuuliza na kusikiliza, kusifu lile jema alilokwisha fanya, kushauri, na mwishoni kuhakikisha kwamba ameelewa. Hatua ya nne ndiyo tunayoiruka kila siku kwa kisingizio cha foleni.

Ukimwuliza mama, "Umeelewa?" atasema "Nimeelewa." Atasema hivyo kwa heshima, au kwa woga, au kwa sababu watu nyuma yake wanamsukuma. Swali hilo halipimi kitu. Sisi sasa tunauliza hivi: "Mama, ukifika nyumbani, bibi yake mtoto atakuuliza dawa hii anapewaje. Utamjibuje?" Hapo mama anaeleza kwa maneno yake mwenyewe. Akikosea, tunajua sisi ndio hatukueleza vizuri, na tunarudia. Haichukui hata dakika mbili. Mtoto yule wa kifua alikaa wodini zaidi ya juma.

Nawe mgonjwa, kama mhudumu hakukuuliza, jitolee mwenyewe. Sema: "Sista, ngoja nirudie nione kama nimeshika vizuri." Kuuliza si ujinga. Hata Bwana wetu, alipoitwa na yule kipofu wa Yeriko, alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini, ingawa upofu wake ulionekana na wote. Na yule kiziwi aliyeletwa kwake alimtenga kando na umati kabla ya kumponya. Sisi tunaotangaza ugonjwa wa mtu dirishani kwa sauti kubwa, huku waumini wenzake wa parokia wanasikia, tuna la kujifunza hapo. Mtu akishaaibishwa mara moja, safari ijayo hatasema ukweli, au hatakuja kabisa.

DAWA TATU ZA KUELEWANA VIZURI

Dawa mseto ya malaria. Hapa Tanzania klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaanza kutumika dawa mseto. Dawa mseto tuliyoizoea hutolewa mara sita katika siku tatu, na idadi ya vidonge kila mara hutegemea uzito wa mgonjwa. Dozi ya pili hutolewa masaa manane baada ya ya kwanza, na hapo ndipo "saa nane" ile ile inapoleta balaa tena. Tuchukue mfano. Mtoto amepewa dozi ya kwanza saa 4 asubuhi. Ya pili atapewa saa 12 jioni ya siku hiyo hiyo. Ya tatu ni saa 4 asubuhi kesho yake, na ya nne saa 4 usiku. Ya tano na ya sita ni saa 4 asubuhi na saa 4 usiku ya siku ya tatu. Mwombe mhudumu akuandikie saa hizo, moja moja. Mpe mtoto dawa pamoja na chakula au maziwa, na asiyeacha kunyonya anyonyeshwe. Akitapika kabla ya nusu saa kwisha, dozi hiyo hurudiwa. Rudi kituoni upewe nyingine ili zisipungue. Homa ikishuka siku ya pili, usiweke akiba vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mdogo wake. Malaria iliyokatwa nusu hurudi.

Maji ya ORS na zinki kwa mtoto anayeharisha. Pakiti ya kawaida ni ya lita moja ya maji safi na salama. Wapo wanaomimina unga kidogo katika kikombe kila mara, na hivyo chumvi huzidi au kupungua. Tumia chupa ya lita moja, au chupa mbili za maji za nusu lita, na uchanganye pakiti yote kwa pamoja. Yakibaki baada ya saa 24, yamwage utengeneze mengine. Vidonge vya zinki hutolewa kwa siku 10, hata kama mtoto ameacha kuhara siku ya tatu. Usiposikia sababu utaviacha, basi sababu ni hii: zinki husaidia utumbo kupona na hupunguza hatari ya kuhara tena katika miezi inayofuata.

Dawa ya presha. Wengi humeza siku ambayo "presha imepanda", yaani wakisikia kichwa kinauma. Lakini presha mara nyingi haina dalili yoyote mpaka siku ya kupooza. Dawa yake ni ya kila siku, unaumwa au huumwi. Ukiona inakusumbua, au fedha imekwisha, rudi useme. Usiache kimya kimya halafu ukiulizwa ujibu kwamba unameza. Tutakuongezea dawa kali zaidi tukidhani ile ya kwanza imeshindwa, kumbe haikumezwa.

DUKANI

Si kila dawa inatoka hospitali. Wengi wetu tunanunua katika duka la dawa muhimu. Nako kuna mazungumzo ya kufanya, tena yenye fedha ndani yake. Mteja akisema, "Nipe vidonge vya homa vya shilingi mia tano," amekwisha kata dozi kwa bei. Muuzaji asiyeuliza kitu huhesabu na kufunga. Biashara imekwenda haraka, lakini mgonjwa hakutibiwa.

Muuzaji mwema huuliza: dawa ni ya nani, ana umri gani, amepimwa, anatumia dawa gani nyingine? Mteja, usikasirike ukiulizwa. Huyo ndiye wa kurudi kwake. Ukimtuma mtoto dukani, usimpe maneno ya kukariri njiani. Mwandikie kwenye karatasi au mpe pakiti ya zamani. Nawe muuzaji, ukiona mtoto hana karatasi, mwambie akamwite mzazi. Majina ya dawa hufanana sana masikioni.

NYUMBANI NA KATIKA SIMU

Mama amepokea maelekezo hospitalini. Kesho anakwenda shamba, anamwachia bibi. Bibi anapumzika, anamwachia dada wa kazi. Maneno yamepita vinywa vitatu. Matokeo yake, mtoto hupewa dozi mbili kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake hajampa, au hapewi kabisa. Chagueni mtu mmoja wa kushika dawa. Bandikeni ukutani karatasi yenye saa za dawa, na kila akipewa, wekeni alama kwa kalamu. Hata asiyejua kusoma anaweza kuweka alama.

Jambo la mwisho ni simu kwa baba aliye mbali. Mara nyingi nauli ya kumpeleka mgonjwa inamngoja yeye. Wa nyumbani, kwa kutotaka kumtia hofu, humwambia, "Mama watoto hajambo sana, ila uchungu umechelewa kidogo." Baba naye anasema atatuma kesho. Ndugu zangu, tumepokea akina mama waliofika wamechelewa kwa sababu ya neno "kidogo". Sema hivi: "Ana uchungu tangu jana asubuhi, mkunga amesema aende hospitali sasa hivi, gari ni kiasi hiki. Umesikia? Hebu rudia nilivyosema." Tena ni vizuri zaidi kukubaliana mapema, mimba ikiwa bado changa, nani ataamua kama baba hapatikani, na akiba ya nauli iko wapi.

KWA KUMALIZIA

Tunawaomba jioni moja mwezi huu, baada ya sala ya familia, mkae pamoja mtoe dawa zote zilizomo ndani. Kwa kila moja mwulizane: ni ya nani, ya ugonjwa gani, inaingia wapi, mara ngapi, mpaka lini? Dawa ambayo hakuna anayeweza kuijibia, msiimeze. Ileteni kituoni.

Na safari ijayo mkija dirishani kwetu mkatuona tumekunja uso kwa uchovu, msiondoke na neno "nimeelewa" kama hamjaelewa. Tuulizeni tena. Mtoto yule wa kifua sasa anasoma shule ya msingi. Mama yake akija kliniki na mdogo wake hutuambia kabla hatujafungua mdomo: "Sista, saa nane ya saa au ya masaa?" Tunacheka wote, kisha tunamwandikia: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.